Saini ya Upande wa Pili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na shemeji, na binti yenu, na huyo mgeni mdogo aliyemleta duniani. Natumaini miguu imepungua kuvimba na kwamba bado unabishana na daktari kuhusu dawa, maana siku nikisikia umekuwa mtiifu nitajua umeugua kweli. Mimi ni mzima kiasi. Nasema kiasi kwa sababu meno yangu mawili ya mbele yanacheza, mdomo umevimba upande mmoja, na leo ni wiki ya pili nakula vitu vya kunywa tu. Usishtuke. Nilipigwa ngumi na mtu mzima mwenye akili zake timamu, na alikuwa na haki.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata. Umeniita Shujaa kama kawaida yako, ukanieleza habari za mvua na za jirani yenu mgomvi, na katikati hapo ukaniambia kwamba binti yako amekuomba uende ukae kwake umlelee mtoto ili yeye arudi kazini, nawe umekataa. Umesema mtu aliyeshindwa kukumbuka pasi hawezi kukabidhiwa mtoto mchanga. Kisha ukaandika “ha ha”, ukahamia kwenye bei ya sabuni. Dada, ile ha ha yako imeninyima raha. Una miaka hamsini na minne na bado unajihukumu kwa koti la harusi lililoungua ulipokuwa na miaka kumi na miwili. Nitalirudia jambo hilo. Lakini kwanza nikueleze yaliyonipata shuleni, tena kwa mpangilio, kwa kuwa nikianzia mwisho nitaikunja karatasi hii na kuitupa.

Darasa langu mwaka huu lina watoto hamsini na wanane na stuli arobaini na moja. Hesabu hiyo peke yake inatosha kueleza damu yote niliyoifuta. Anayewahi anakaa, anayechelewa anakaa sakafuni, na asiyetaka sakafu anapigana. Ni watoto wa miaka kumi na mitatu, lakini usiwaone hivyo. Mwezi wa kwanza niliokota meno mawili, moja la mtoto aliyenyang'anywa stuli na la pili la ndugu yake aliyekuja kulipiza. Msichana mmoja alichomwa bikari pajani, ikazama mpaka kwenye bawaba. Mwingine aling'olewa nywele kwa mkupuo, zikabaki mkononi mwa mwenzake, na mwenzake akazishika juu kwa fahari. Kila asubuhi kabla ya kuita majina nilikuwa natenganisha watu.

Nami nilitenganisha kwa njia niliyoijua. Nilipiga. Nilipiga kwa ile rula ya mbao ya marehemu Baba, ile ya kupimia vitambaa, iliyovishwa bati ncha zote mbili. Unaikumbuka. Sikio lako la kushoto linaikumbuka zaidi, maana tangu siku ile ya koti halijasikia kitu. Baba alipofariki mafundi wenzake walichukua cherehani na mikasi, mimi nikachukua rula, na sote tulidhani nachukua kumbukumbu. Nikaipa jina. Niliiita Hitimisho, kwa sababu kila ubishi ulikuwa unaishia kwake. Watoto walicheka siku niliyowatambulisha, nami nilicheka, na tangu siku hiyo nikisema tu kwamba namwita Hitimisho darasa zima lilikuwa linanyamaza. Nilijiona mwalimu hodari.

Basi mwalimu mkuu akaniita ofisini. Ni mama mfupi, asiyepoteza maneno. Alisema mtihani wa mwaka huu utakuwa na insha ya hoja, na mwaka jana shule yetu ilishika mkia katika swali hilo. Akaongeza kwamba, kwa kuwa darasa langu linapenda ugomvi kuliko chakula, niwafundishe wagombane kwenye karatasi. Nikatoka pale nimenuna. Mimi ni mtu wa sarufi na imla, unanijua. Lakini kazi ni kazi.

Nilianza na dai. Niliwaambia kwamba dai ni jambo ambalo mtu mwenye akili anaweza kulikataa. Ukisema stuli zina miguu mitatu, hujadai kitu, umehesabu miguu tu. Ukisema stuli zigawanywe kwa namba, kila mtoto ajue siku zake za kukaa na siku zake za sakafu, hapo umedai, na mwenye misuli atakupinga. Baada ya dai inakuja sababu, yaani jibu la anayekuuliza kwa nini. Baada ya sababu, ushahidi. Hapo palikuwa na kazi, Dada, maana kwa watoto wangu ushahidi ulikuwa ni kusema dai lilelile kwa sauti kubwa zaidi. Mmoja aliandika kwamba mwalimu ni mkali, na kwenye ushahidi akaandika neno moja tu, makalio. Nilimpa alama kamili. Kisha nikawaeleza kwamba ushahidi ni kitu ambacho hata adui yako akikipapasa atakikuta palepale, hata wewe usipokuwepo kumshawishi.

Sehemu ngumu zaidi ilikuwa ile ya upande wa pili, pale mwandishi anapoeleza mpinzani wake anasema nini kabla ya kumjibu. Watoto waliandika upande wa pili wa kijinga ili wapate kuupiga teke. Waliandika kwamba wapinzani wetu ni wavivu na wachafu. Nikaona hii ni vita ileile, imehamia kwenye daftari. Ndipo nikabuni sheria moja, na sheria hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa nilipo. Nilisema kwamba sitasahihisha insha yoyote mpaka upande wa pili uwe umetiwa saini na mpinzani mwenyewe. Unamtafuta aliyekataa dai lako, unampa karatasi, anasoma ulivyoeleza mawazo yake, na kama umeyaeleza sawasawa, kwa nguvu zake zote, anatia saini. Kama hujayaeleza hivyo, anakurudishia ukaandike upya. Ukipata saini ndipo unaruhusiwa kumjibu.

Huwezi kuamini ilivyofanya kazi. Kwa wiki tatu sikufuta damu. Watoto waliokuwa wakichomana bikari walikaa sakafuni vichwa vimekutana, mmoja akimwambia mwenzake kwamba hapana, hujanisema vizuri, mimi sikusema nataka stuli, nilisema mgongo wangu unauma. Nilipita katikati yao nimeshika Hitimisho kwapani, nikijisifu kimoyomoyo. Mimi nilikuwa nimefundisha kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwahi kukifanya hata siku moja.

Sasa nikujulishe watoto watatu. Wa kwanza tunamwita Bondia. Ni mkubwa wa mwili, mwana wa mpasua mbao, na alikuwa anapinga stuli kugawanywa kwa namba kwa sababu inayoeleweka: hajawahi kukosa stuli. Wa pili ni msichana tunayemwita Chiriku, mwana wa fundi wa kuchomelea vyuma. Hanyamazi. Ukimwambia anyamaze anakuuliza kwa muda gani. Wa tatu ni kiranja wa darasa, kijana safi, kola imenyooka, mwenye majibu. Kiranja huyo nilikuwa nampenda kuliko wote na sikujua kwa nini. Sasa najua.

Jumanne moja wakati wa mapumziko watoto karibu wote walikuwa nje, nami nilikuwa chumba cha walimu napuliza chai. Nilisikia ukelele ambao haukuwa wa mchezo. Nilikimbia. Nilipofika mlangoni nilimkuta Bondia amelala kifudifudi kati ya stuli, kisogo kimepasuka, damu inamfuata shingoni na kuingia kwenye shati. Kiranja alikuwa amesimama ukutani, mikono imeshikana nyuma. Na katikati ya chumba alisimama Chiriku, ameshika mguu wa stuli uliovunjika, wenye msumari, unadondosha damu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa kimya.

Nilimuuliza kiranja kumetokea nini. Alisema amemwona Chiriku kwa macho yake mawili akimpiga Bondia kwa nyuma, na kwamba yeye alijaribu kumzuia. Hakusitasita. Chiriku akafungua mdomo. Dada, naapa alifungua mdomo, nami nikamwambia aufunge. Nikainua rula ya Baba nikampiga upande wa kichwa kwa nguvu zangu zote, kwa mkono uleule, kwa mwinamo uleule niliouona nilipokuwa na miaka tisa. Haikumpata kichwani kwa sababu aliinua mkono wa kushoto akafunika sikio. Ilimpata kwenye kifundo cha mkono. Niliusikia mfupa. Ulivunjika kwa mlio mdogo, mdogo kuliko nilivyotarajia, na hata hapo sikuacha. Nilimpiga tena begani, na mara ya tatu mgongoni, mpaka mwalimu mkuu aliponishika shati kwa nyuma na kunivuta hadi nikaanguka juu ya stuli.

Bondia alishonwa nyuzi kumi na moja. Alipozinduka hakukumbuka lolote la mapumziko yale, na hata hivyo alikuwa amepigwa kwa nyuma. Chiriku alifungwa plasta ngumu kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Na kwa kuwa kulikuwa na damu na kulikuwa na shahidi, kamati ya shule ikapanga kukutana Jumanne iliyofuata imjadili msichana afukuzwe shule. Mimi hakuna aliyenijadili. Mwalimu mkuu alinitazama tu kila nilipopita mlangoni kwake. Wazazi wa Bondia walinishika mkono wakanishukuru.

Jumatano asubuhi baba yake Chiriku alikuja. Alikuja na nguo zake za kazi, zimetobolewa na cheche kila mahali. Alinikuta kwenye ngazi. Aliniuliza kama ni mimi, nikasema ni mimi, akanipiga ngumi moja ya mdomo. Nilipoinuka akanipiga nyingine, na hiyo ndiyo iliyolegeza meno. Nilikuwa nimelala mgongo kwenye saruji, nimemeza damu yangu, naye amesimama juu yangu amekunja ngumi ya tatu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama niliwahi kumuuliza mtoto wake hata neno moja. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilikuwa nimepiga watoto miaka ishirini na sita na sikuwahi kujua kwamba kinachouma zaidi ni kule kutoulizwa. Akaushusha mkono, akaenda zake kazini.

Ijumaa, Chiriku mwenyewe alikuja chumba cha walimu. Alikuwa amezuiwa kuingia darasani, lakini hakuna aliyekuwa amemzuia kuja kwangu. Plasta mkono wa kushoto, bandeji kwenye kiganja cha kulia, na kati ya vidole ameshika karatasi mbili. Nilidhani amekuja kuomba msamaha au kuniomba nimtetee. Hakuomba chochote kati ya hivyo. Alisema ameandika insha ya hoja, na kwa kuwa mpinzani wake ni mimi, ameleta upande wa pili niusome, na kama ameusema sawasawa nitie saini, maana bila saini haisahihishwi. Walimu wenzangu wakaacha kunywa chai.

Dai lake lilikuwa fupi: kwamba yeye hakumpiga mtu na hakustahili kupigwa. Niliruka mpaka kwenye upande wa pili, ndiko nilikotakiwa. Aliandika kwamba mwalimu alikuta damu. Alimkuta yeye ameshika silaha. Alikuwa na shahidi ambaye hajawahi kusema uongo. Mwalimu ana watoto hamsini na wanane na stuli arobaini na moja, na kila siku anaogopa kwamba ipo siku mmoja atakufa mbele yake, na siku ile alidhani imefika. Mwalimu alipiga kwa sababu alidhani asipopiga tutauana. Hivyo ndivyo alivyoandika, kwa mwandiko uliopinda kwa ajili ya ile bandeji. Hakuniita mkatili. Hakunidhihaki. Dada, mimi mwenyewe kwa umri wangu nisingeweza kujieleza vile. Nilitia saini.

Ndipo akaniruhusu nisome jibu. Aliandika: yote hayo ni kweli, lakini mwalimu hakuniuliza. Na angeniuliza, ningemwonyesha kiganja. Akaufungua mkono wa kulia, akaivuta bandeji kwa meno, akanionyesha tundu la msumari katikati ya kiganja. Mtu anayempiga mwenzake kwa mguu wa stuli hushika upande usio na msumari na usio na damu. Yeye alikuwa ameshika upande wa damu na wa msumari, kwa sababu alimnyang'anya aliyekuwa anapiga, katikati ya pigo. Nilikuwa nimeliona jambo hilo kwa macho yangu pale mlangoni. Nililitazama na sikuliona. Hitimisho lake halikuwa na kelele: alisema anataka kurudi darasani, na anataka insha yake isahihishwe kama za wengine.

Nilimwita kiranja alasiri hiyohiyo, chumba cha kuhifadhia vitabu, sisi wawili. Nilimuuliza upya. Akasema tena amemwona kwa macho yake mawili, neno kwa neno. Hapo nikajua, maana aliyeona kweli husahau hiki na kuchanganya kile, lakini mwongo huwa amekariri. Zamani ningeinua rula. Safari hii nilikaa sakafuni kati ya maboksi, nikamsimulia jambo ambalo sijapata kulisema kwa mtu yeyote. Nilichukua muda mrefu. Nilipofika mwisho kijana alikuwa anatapika kwenye ndoo. Alisema alipeleka upande wa pili kwa Bondia, Bondia akakataa kusaini kwa kuwa ulimwita mwizi wa stuli, akamchania karatasi na kumgeuzia mgongo huku akicheka. Hajawahi kurudishiwa kazi maishani mwake. Aliokota kilichokuwa karibu akapiga, akainua apige tena, na msichana akamrukia. Aliniuliza kama nitampiga. Nikamwambia tutakwenda kwenye kamati pamoja, na kila mmoja wetu ataanza kwa kusema upande wa Chiriku kabla ya wake.

Tulikwenda. Nilisoma insha yote mbele ya kamati kwa huu mdomo uliovimba, na ile saini yangu nikawaonyesha. Chiriku amerudi darasani, na habari ninazopata ni kwamba ameanza tena kusema, kuliko hata mwanzo. Kiranja amevuliwa ukiranja na anakaa sakafuni kwa hiari. Mimi nimesimamishwa kazi na nimeandikisha maelezo polisi, na kesi ya kuuvunja mkono wa mtoto itasikilizwa mwezi ujao. Sitabisha. Rula ya Baba imefungwa kwenye mfuko na kubandikwa namba. Imekuwa Hitimisho miaka yote hiyo, na sasa ni ushahidi. Najua ungecheka hapa.

Sasa Dada, keti kama umesimama. Nilichomsimulia yule kijana ni habari ya pasi.

Hukusahau pasi. Sikiliza vizuri, igeuzie barua sikio lako zima: hukusahau. Siku ile ulimaliza kupiga kola ya lile koti la bwana harusi, ukaiweka pasi ya mkaa juu ya tofali chini ya dirisha, kama Baba alivyokufundisha, ukachukua ndoo ukaenda kuteka maji. Mimi nilikuwa chini ya meza na picha yangu ya mcheza mpira iliyokunjamana. Nilitaka kuinyoosha. Niliichukua pasi kutoka kwenye tofali, nikainyoosha picha yangu juu ya koti kwa kuwa ndilo lililokuwa laini. Nikasikia viatu vya Baba. Nikaiachia. Nilijaribu kuirudisha nikaishika vibaya, ikaniunguza vidole viwili, nikaiacha hapohapo na moshi ukaanza.

Baba alipouliza, nilisema nilimwona Dada kwa macho yangu mawili akiiacha juu ya koti. Akaniuliza mbona vidole vimeungua. Nikasema nilijaribu kuliokoa koti. Akanishika kichwa, akaniita Shujaa. Hapo ndipo jina hilo lilipotoka. Kisha akachukua rula. Wewe ulikuwa umesimama na ndoo, maji yanakumwagikia miguuni, ukasema uliiweka kwenye tofali. Ulisema mara tatu. Mara ya kwanza alikupiga mgongoni, ya pili mkononi, na ya tatu ile ncha ya bati ikakuingia sikioni, ukaanguka, na damu ikatoka nyembamba mpaka kwenye kola yako. Mama alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya cherehani na peremende aliyonipa Baba, naimung'unya.

Jioni ile ulinifunga vidole vyangu. Ulikuwa umejaza pamba sikioni, ukanipaka mafuta, ukanipuliza, ukaniambia, “Pole, nisingesahau pasi wewe usingeungua.” Ulikuwa umeshaanza kuamini. Mtu akipigwa vya kutosha huanza kushuhudia dhidi ya nafsi yake. Nami nilikuacha uamini siku ile, na mwaka ule, na miaka arobaini na miwili. Nilikuacha ukunje mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali miaka ishirini huku ukikataa kupandishwa cheo kwenda kupiga pasi. Nilitembea upande wako wa kulia ili unisikie, watu wakanisifu kwa upendo. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na wewe ndiye uliyetembea kwa miguu. Naona aibu, Dada. Sina neno jingine la kuliweka hapo.

Sikuandikii ili unisamehe, hilo ni lako na lina wakati wake, au halina. Nakuandikia kwa sababu kuna mtoto mchanga anakungoja, na mikono iliyo salama kuliko yote katika ukoo wetu imekunjwa kwa uongo wangu. Nenda kwa binti yako. Mwambie mamaye mtoto kwamba mjomba ndiye msahaulifu. Vidole vyangu viwili bado vina kovu. Yeyote anayetaka ushahidi aje avipapase.

Mpe shemeji salamu zangu, na umwonyeshe barua hii. Nimemwandikia na binti yako nakala yake, nisije nikabadili maneno baadaye. Msalimie jirani mgomvi. Mbusu mtoto kwa niaba yangu, kama bado utakubali kunibusia watu. Lile jina la Shujaa naomba usiliandike tena.

Hapa chini nimeuandika upande wa pili, ambao siku ile hakuna aliyeuuliza. Usome. Kama nimeusema sawasawa, tia saini unirudishie. Kama haukufika, ukate wote uandike mwenyewe, hata uwe mrefu namna gani. Sehemu ya jibu sikuiandika. Sina.

Ni mimi mdogo wako, niliyeiacha pasi juu ya koti.

Upande wa Dada: Nilipomaliza kola niliiweka pasi juu ya tofali. Nilikwenda kuteka maji. Niliporudi nilikuta moshi. Nilisema kweli mara tatu. Sikusahau.

Saini: ....................